Somo: Programu yako inastahili hataza (patent), au hakimiliki inatosha?

Wakuu, heshima mbele. Kabla hujauliza hataza inaombwa wapi, hakikisha kwanza kwamba ulichonacho ni uvumbuzi.

Hatua ya 1: Tenga msimbo na wazo. Msimbo (code) unalindwa na hakimiliki. Mkataba wa TRIPS, ule wa kimataifa wa haki za ubunifu katika biashara, kifungu cha 10, unauhesabu pamoja na kazi za fasihi. Hataza, inayolinda uvumbuzi wenyewe, ni kali zaidi. Kwa miaka 20 inamzuia hata mtu aliyefikia wazo hilohilo kwa akili yake mwenyewe. Kwa hiyo isitolewe ovyo.

Hatua ya 2: Iondoe kompyuta kwenye maelezo yako, uone kinachobaki. Hapa ndipo penye kazi. Mwaka 2014, katika kesi ya Alice na CLS Bank, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipima hataza za kompyuta inayofanya kazi ya mtu wa kati anayehakikisha pande zote zina uwezo wa kulipana. Ukiondoa kompyuta, ni kazi ya kale ya watu wa fedha. Majaji wote tisa walizikataa. Lakini kesi ya Diehr, 1981, katika mahakama hiyohiyo, ilihusu kupika mpira (raba) kiwandani: kompyuta ilipima joto la ndani ya kalibu mfululizo, ikakokotoa upya muda kwa mlinganyo wa Arrhenius (kanuni ya kemia inayohusisha joto na kasi ya kuiva), kisha ikafungua mashine mpira ulipoiva. Mlinganyo ulikuwa wa zamani, ila mpira wenyewe ulitoka bora. Huo ni uvumbuzi, na majaji watano dhidi ya wanne walikubali.

Hatua ya 3: Andika tatizo la kiufundi ulilotatua. Ofisi ya Hataza ya Ulaya hudai hilo.

Hatua ya 4: Usitangaze uvumbuzi wako kabla ya kuomba hataza.

MASWALI

Mkuu, programu yangu inakusanya michango ya kikoba kwa simu. Nipate hataza?
– Kwa maelezo hayo, hapana. Vikoba vilikuwepo kabla yake. Ukiwa umebuni namna mpya ya kutuma taarifa penye mtandao hafifu, rudi hatua ya 3.

Si mnawanyima wanyonge ulinzi?
– Mnyonge ndiye anayeumia zaidi. Amazon ilipewa hataza ya kununua kwa kubofya mara moja mwaka 1999, na mwaka huohuo ikawashtaki wauza vitabu wa Barnes & Noble. Wao walimudu mawakili. Kijana anayeanza hamudu.

Maombi yanapelekwa wapi?
– Tanzania Bara ni BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), Kenya ni KIPI (taasisi ya mali za kiviwanda).