Seva ya lango la barua pepe inaganda kila mara: pa kuanzia

Usiguse kitufe cha umeme kwanza. Najua simu zinaita, bosi anauliza mbona barua haziingii, na mikono inakuwasha. Lakini ukizima na kuwasha, ushahidi unapotea na kesho kutwa utakuwa palepale. Maafisa TEHAMA wengi hapa Dodoma hukimbilia kusakinisha mfumo upya. Kwangu hiyo ni ya mwisho kabisa, maana mara nyingi mfumo hauna kosa: RAM ndiyo haitoshi.

Mfano wetu ni Proxmox Mail Gateway, lango linalopokea na kuchuja barua kabla hazijafika kwa watumiaji. Inakaa juu ya Debian (aina ya Linux) na kutumia Postfix (ya kusafirisha barua), SpamAssassin (ya kuchuja barua taka) na ClamAV (ya kukagua virusi).

Hatua ya 1: Imeganda kweli?
Chomeka skrini na kibodi kwenye seva yenyewe. Bonyeza Num Lock. Taa ikiwaka na kuzima, moyo wa mfumo uko hai. Halafu ukiwa kwenye kompyuta nyingine, ipige ping, uone kama inaitika mtandaoni. Ikijibu huku SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) imegoma, mashine haijafa, imelemewa. Piga picha ya skrini kwa simu. Ukiona "Out of memory", nenda hatua ya 3. Ukiona "blocked for more than 120 seconds", kuna programu inasubiri diski, na hapo soma ya 3 na ya 4.

Hatua ya 2: Hifadhi logi
Angalia kama folda ya /var/log/journal ipo. Kama haipo, logi (kumbukumbu za matukio) zinazotunzwa na huduma ya journald zinakaa kwenye RAM na kufutika kila unapowasha upya. Itengeneze, kisha andika `systemctl restart systemd-journald`. Ikiganda tena, baada ya kuwasha andika `journalctl -b -1 -e` usome mistari ya mwisho. Shika saa ya mstari wa mwisho kabisa, kisha jiulize saa hiyo kulikuwa na kazi gani: bakapu, au freshclam, kisaidizi cha ClamAV, kushusha saini mpya za virusi (alama za kuvitambua)?

Hatua ya 3: RAM
Hapa ndipo wengi wanapokutana na mchawi wao. Kingavirusi ya ClamAV hupakia saini zake zote kwenye RAM, na zinakula zaidi ya GB 1. Saini mpya zikija, clamd, huduma ya ClamAV inayokagua barua, kwa kawaida hupakia seti mpya huku ya zamani bado inafanya kazi. Kwa muda huo mfupi matumizi yanakaribia maradufu. Seva ya GB 2 haitoboi: inaanza kusukuma vitu kwenye swapi (sehemu ya diski inayotumika kama RAM), diski inahema, kila kitu kinasimama. Ndiyo maana inaganda kwa vipindi, na katikati ya vipindi hivyo ukiipima haina shida yoyote.

Ongeza RAM, GB 4 ndiyo iwe chini kabisa. Kama hela ya RAM bado iko kwenye meza ya manunuzi, weka `ConcurrentDatabaseReload no` kwenye faili la mipangilio, clamd.conf. Ukaguzi utasimama kidogo wakati saini zinapakiwa, barua zitasubiri, lakini seva haitalemewa. Angalizo: kwenye Proxmox usihariri /etc/clamav/clamd.conf moja kwa moja, itaandikwa upya. Nakili clamd.conf.in kutoka /var/lib/pmg/templates kwenda /etc/pmg/templates, hariri hiyo nakala, kisha `pmgconfig sync --restart 1`.

Hatua ya 4: Diski
Andika `df -h`, halafu `df -i`, kwa sababu diski inaweza kuwa na nafasi lakini ikaishiwa inodi (nambari za kusajili mafaili). Kisha `smartctl -a` kwenye diski yenyewe, usome afya yake. Current_Pending_Sector (sehemu za diski zinazogoma kusomeka) ikizidi sifuri na kuendelea kupanda, nunua diski.

Hatua ya 5: Vumbi
Kiangazi cha huku mnakijua. Fungua boksi, puliza kwa blowa, na ushike feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza.

Maswali ya wanachama

*Singida:* Shikamoo mwalimu. Nikilazimika kuizima, barua hazipotei?

Marahaba. Zilizoko njiani hazipotei. Seva iliyotuma huzishikilia na kujaribu tena, na Postfix kwa kawaida hujaribu hadi siku 5. Zilizokwisha kupokelewa ziko kwenye diski yako, kwa hiyo usichomoe waya. Shikilia Alt na SysRq, ambayo kwa kawaida ni kitufe cha Print Screen, kisha bonyeza S, U, B moja moja kwa kuachanisha. Inaandika data kwenye diski, inaifunga isiandikwe tena, halafu inawasha upya.

*Kizota:* Mimi Num Lock haiitiki, ping hakuna, na logi imekatika katikati bila kosa lolote.

Hiyo mara nyingi ni vyuma. Anza na joto, halafu iache Memtest86+ ipime RAM usiku kucha. Ikipita salama, badilisha pawasaplai. Na kama haina UPS (betri ya akiba umeme ukiyumba), usihangaike na programu kwanza.

*Mpwapwa:* Yangu haigandi, lakini barua zinarundikana huku mashine imetulia tuli.

Hiyo inanuka DNS, huduma ya kutafuta anwani za majina ya mtandaoni. Kichujio cha barua taka huuliza, kupitia DNS, orodha za watumaji wa barua taka kama za Spamhaus, na Spamhaus haihudumii maswali yanayopitia DNS za umma kama 8.8.8.8. Sakinisha Unbound (programu ya DNS) kwenye seva hiyohiyo, elekeza DNS kwenye 127.0.0.1, yaani seva yenyewe, kisha tazama `mailq` (foleni ya barua) inavyopungua. Isipopungua, tuma hapa mistari michache ya mailq, ila futa anwani za watu kwanza.