Usifukie mabua makavu halafu ukapanda

Msimu wangu wa kwanza kulima hapa Busia, upande wa Uganda, nilifukia mabua yote ya mahindi shambani, na baada ya wiki moja nikapanda. Mahindi yalipofika magotini, majani ya chini yakageuka njano kuanzia nchani, njano ikifuata mshipa wa katikati. Ilikuwa njaa ya nitrojeni, kirutubisho kinachoyapa majani rangi ya kijani. Mabua makavu yana kaboni tele na nitrojeni kidogo mno, kwa hiyo bakteria na kuvu zinazoyaozesha huichukua nitrojeni ya udongoni kujengea miili yao. Vijidudu hivyo vikifa huirudisha, lakini mahindi hayangoji.

Tangu hapo mabua yangu huozea nje ya shamba hadi yawe mboji. Baada ya mavuno ya Julai nayakatakata kwa panga na kutandaza tabaka la shibiri moja. Juu yake naweka majani mabichi ya alizeti mwitu, ile ya maua ya njano inayojiotea kando ya barabara, au samadi ya mbuzi. Hapo ndipo vijidudu vinapopata nitrojeni. Nanyunyiza udongo kidogo wa chini ya mwembe, kisha maji, na kurudia mpaka lundo linifike kifuani. Minya konzi moja ya lundo: yatoke matone mawili matatu tu. Yakichuruzika, hewa imekosa nafasi na lundo litanuka mayai viza. Funika kwa majani ya migomba.

Choma kijiti kirefu hadi katikati. Siku ya nne kichomoe ukishike: kikiwa cha moto, bakteria wako kazini. Joto likipita nyuzi 55 kwa siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu hufa. Kikitoka kikavu, ongeza maji. Kikiwa na unyevu lakini baridi, ongeza majani mabichi. Lundo likianza kupoa, kwa kawaida wiki ya tatu, ligeuze, cha nje kiende ndani.

Baadaye utakuta nyuzi nyeupe zimeng'ang'ania mabua. Tafadhali usizitupe ukidhani ni ugonjwa! Hiyo ni kuvu, na ndiyo inayoweza kuimega lignini, sehemu ngumu inayowashinda bakteria wengi. Jana nilishika bua lenye nyuzi hizo likamong'onyoka vidoleni, lile lile lililohitaji panga mwezi wa saba.

Mboji iliyoiva hunukia udongo ulioguswa na mvua ya kwanza. Harufu hiyo hutoka kwa bakteria waitwao aktinomaiseti. Kwangu huchukua miezi mitatu hivi. Naifunika isinyeshewe hadi Machi, kisha konzi mbili kila shimo.