Kupima ustahimilivu wa mtoto kwa kutembea dakika 6

Tafuta njia tambarare, iliyonyooka, isiyo na pilikapilika, yenye urefu wa mita 30. Weka koni kila mwisho, mtoto azizunguke akienda na kurudi, tia alama ya chaki kila mita 3. Mita 20 nazo zinafaa, ila usilinganishe matokeo ya njia hizo mbili: njia fupi ina kona nyingi, na kila kona hupunguza mwendo.

Mtoto avae viatu vya kufunga, awe amekula kidogo, na asiwe amecheza mpira saa 2 kabla. Mketishe dakika 10, kisha andika mapigo ya moyo.

Mwambie: "Tembea ufike mbali uwezavyo, lakini usikimbie." Hapa ndipo vipimo vya watoto wenye afya huharibika. Akiona stopwochi anadhani ni mashindano. Anatimka mwanzoni, kisha analegea. Mpime peke yake, wenzake wasimshangilie. Usitembee ubavuni mwake, atafuata mwendo wako. Kila dakika mpe maneno yale yale kwa sauti ile ile: "Unaendelea vizuri, zimebaki dakika 5," kisha 4, hivyo hivyo hadi mwisho.

Msimamishe akiumwa kifua, akipata kizunguzungu au kubanwa misuli.

Muda ukiisha asimame papo hapo. Zidisha mizunguko kamili (kwenda na kurudi) kwa 60, au kwa 40 kwenye njia ya mita 20, ongeza mita za ziada: kwenye njia ya mita 30, mizunguko 9 na mita 24 ni mita 564. Ukirudia, mpumzishe walau dakika 30, uchukue umbali mkubwa zaidi. Andika na kimo chake, kwani miguu mirefu hupiga hatua ndefu.