Unataka kusoma optometria Marekani ukimaliza digrii? Anza kujipanga mwaka wa kwanza

Wadau wa Iringa, Mbeya, Njombe na nyanda za juu kusini kote, poleni na baridi. Madogo wanaosoma BSc pale Mkwawa na MUST wananiuliza sana hili jambo, kwa hiyo naliweka lote hapa. Nazungumzia optometria ya Marekani, ile unayoingia ukiwa na digrii ya kwanza, unasoma miaka minne, unatoka na OD, yaani digrii ya Daktari wa Optometria. Usichanganye na daktari bingwa wa macho, yule kasoma udaktari kwanza ndo akabobea kwenye macho, yeye ndo anakutoa mtoto wa jicho. Mtu wa optometria anapima uoni, anaandika miwani na lenzi, na anakamata mapema vitu kama presha ya macho.

Hatua ya 1: masomo
Shule nyingi zinataka bailojia, kemia pamoja na ile ya organiki, fizikia, hesabu, takwimu, maikrobailojia, na mara nyingi anatomia, fiziolojia, saikolojia na Kiingereza. Kila shule ina orodha yake. Chukua orodha za shule tatu nne, weka pembeni ya prospektasi ya chuo chako, uone nini hakipo.

Wengi wetu tunakwama kwenye fizikia. Ulisoma CBG, fizikia uliiacha form four, chuoni ukachukua bailojia na kemia, halafu mwaka wa tatu ndo unashtuka. Omba kozi ya fizikia kama opsheni mapema, yenye maabara, na kwenye mada ya mwanga na lenzi usipite juu juu kwa sababu hiyo ndo kazi yenyewe. Nguvu ya lenzi inapimwa kwa dayopta, unachukua moja unagawanya kwa umbali wa fokasi (kutoka kwenye lenzi hadi pale inapokusanya mwanga) kwa mita, lenzi yenye fokasi ya sentimita 50 inakuwa dayopta 2. Ile miwani ya kusomea mzee anayonunua stendi imeandikwa +2.00 ndo hesabu hiyo hiyo! Na jicho zima lina kama dayopta 60, ila theluthi mbili hivi zinatoka kwenye konea, kioo cha mbele kabisa, sio lenzi ya ndani kama tunavyodhani, ndo maana kovu dogo tu katikati ya konea linaweza kumharibia mtu uoni vibaya.

Hatua ya 2: GPA
Linda GPA, hasa masomo ya sayansi. Sup inaonekana kwenye transkripti.

Hatua ya 3: kaa kliniki ya macho
Hii naipenda kuliko zote. Wanataka kuona unaijua kazi. Pata barua kutoka idara yako, peleka hospitali yenye kliniki ya macho kwa mganga mfawidhi, omba kukaa na kuangalia wakati wa likizo. Uwe na daftari, andika tarehe, masaa na ulichojifunza, jina la mgonjwa usiandike kamwe. Ukiwa TP (mazoezi ya kufundisha) angalia pia darasani, yule mtoto anayekunja macho kusoma ubao au anayenakili kwa jirani kila siku, mwambie mzazi ampeleke akapimwe. Mtaalamu akishakuzoea ndo umuombe barua ya mapendekezo.

Hatua ya 4: mtihani
Mtihani wa kuingia shule hizi unaitwa OAT. Una sayansi (maswali 100: bailojia 40, kemia ya kawaida 30, organiki 30), ufahamu, fizikia na hesabu. Baadhi ya shule zinakubali GRE (mtihani wa kuingia masomo ya juu) au MCAT (wa kuingia udaktari) badala yake, uliza shule husika kabla hujalipia.

Hatua ya 5: maombi
Yanapita kwenye mfumo mmoja, OptomCAS, unafunguliwa katikati ya mwaka kwa wanaoanza mwaka unaofuata. Shule nyingi zinajaza nafasi kadri maombi yanavyoingia, so wahi. Transkripti yetu lazima ifanyiwe tathmini kozi kwa kozi na taasisi ya kule, inachukua muda.

MASWALI

Swali (Mafinga): Dada, ada je? Boom yenyewe haitoshi kula.
Jibu: Mdogo wangu, ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, na mikopo ya serikali ya Marekani siyo ya wageni. Kabla ya viza shule inataka uthibitisho wa pesa ndo ikupe fomu ya I-20. Tafuta ufadhili sambamba na masomo, usisubiri upate nafasi kwanza.

Swali (Tukuyu): Mimi niko form six PCB, nisubiri digrii kwanza?
Jibu: Hapana! Huku kwetu optometria unaweza kuisoma kama digrii ya kwanza. Makerere ipo, Masinde Muliro kule Kakamega ipo, na nyie wa Mbeya Mzuzu ya Malawi ni kuvuka tu Kasumulu. Ulizia na KCMC Moshi.

Swali (Makambako): Nikisoma Marekani nikarudi, naanza kazi moja kwa moja?
Jibu: Unaanzia Baraza la Optometria kwa usajili, bila hiyo hugusi mgonjwa. Vyeti vyote na maelezo ya kila kozi njoo navyo, usiache kitu kule.