Kutoa chakula kilichoungulia kwenye kikaango cha nonstiki bila kukichubua

Kikaango kikiunguza, mkono huenda wenyewe kwenye stilwaya. Kwa sufuria ya alumini tupu hakuna hasara, tena inatoka inang'aa. Kwa nonstiki, dakika moja ya stilwaya inatosha kukiua kikaango. Mpako mweusi wa ndani, ambao kwa vikaango vingi ni aina ya plastiki iitwayo PTFE, ni mwembamba kama unywele au chini ya hapo, na ni laini kiasi kwamba ncha ya uma huukata. Zile sufuria za madoadoa zinazouzwa kwa jina la graniti kwa kawaida nazo ni alumini iliyopakwa. Hakuna jiwe mle ndani la kustahimili kukwanguliwa. Basi kazi waachie maji, joto na muda. Mkono unakuja kumalizia tu.

Kwanza acha kipoe. Kikaango cha moto kikimiminiwa maji ya bomba, alumini hunywea ghafla na tako hupinda. Kuanzia hapo kinayumba jikoni, mafuta yanakimbilia upande mmoja, na pale palipobaki pakavu ndipo chakula kitakaposhika kila siku. Subiri robo saa hadi dakika 20, mpaka uweze kuligusa tako kwa kiganja.

Halafu tazama kilichoungua ni kitu gani, kwa sababu dawa zinatofautiana.

Ukoko wa wali, ugali au viazi ni wanga. Wanga hunywa maji ukavimba. Tia maji ya uvuguvugu yaufunike ukoko, tone moja la sabuni ya maji, acha saa moja. Kingo zitaanza kujinyanyua. Ingiza ncha ya mwiko wa mti chini ya ukingo mmoja, sukuma taratibu, na mara nyingi gamba zima linatoka kama kipande cha mkeka. Lisipotoka, rudisha maji usubiri tena.

Shira, asali au sukari ya kashata haihitaji dawa yoyote. Maji tupu, moto mdogo, sukari inayeyuka yenyewe. Hadhari moja: usimwage maji juu ya sukari iliyoungua ikiwa bado inachemka. Hurukia mkononi na kuganda kwenye ngozi, na jeraha lake ni baya kuliko la maji ya moto.

Yai, samaki, maziwa na tui la nazi hushika kwa ukaidi zaidi. Loweka nusu saa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ujaribu kwa upande laini wa sponji. Kikibaki kitu cheusi kisichotikisika, chemsha na soda.

Soda inayotakiwa ni soda ya kuokea, ule unga mweupe wa pakiti unaotiwa kwenye keki. Bekingi pauda si yenyewe: imechanganywa na asidi na wanga, na nguvu yake inaishia kwenye mapovu. Magadi ya kupikia maharage au makande nayo yaache pembeni. Yana ukali zaidi, mara nyingi yana mchanga, na huitia weusi alumini ya nje isiyopakwa. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni usiisogeze kabisa, kwani inaila alumini huku ikitoa gesi inayoweza kushika moto.

Kwa kikaango cha sentimita 24 hadi 26, tia maji nusu lita na vijiko vikubwa viwili vya soda. Koroga kikiwa bado baridi, ndipo uwashe. Moto uwe mdogo, maji yachemke kwa utulivu. Yakichemka kwa fujo povu litafurika likazime jiko. Kwenye jiko la mkaa, funika makaa kwa majivu kwanza. Acha dakika 10, na kila baada ya dakika mbili tatu pitisha mwiko wa mti chini kwa kuusukuma. Utaona vipande vyeusi vinaachia na kuelea, na maji yanageuka rangi ya chai ya rangi. Hapo kuna kinachoendelea: soda ikipata joto hutoa hewa ya kaboni dioksidi na kugeuka kuwa soda kali zaidi ya kufulia, nayo hubadili sehemu ya mafuta yaliyoungua kuwa kama sabuni. Ndiyo maana soda ya maji baridi haifui dafu mbele ya hii iliyochemshwa.

Usiondoke jikoni. Maji yakikauka, umeunguza mara ya pili, sasa pamoja na chumvi ya soda. Yakipungua chini ya nusu, ongeza ya moto. Ukizima, acha yapoe ndani ya kikaango, mwaga, osha kwa sabuni na sponji laini. Ukoko mnene huenda ukataka awamu mbili. Hilo ni jambo la kawaida, wala si sababu ya kuongeza soda mpaka ijae.

Watu wengi hutia siki na soda pamoja kwa sababu zinafoka na kupendeza machoni. Zinafoka kwa kuwa zinauana: asidi ya siki inaimaliza soda, soda inaimaliza siki, na unabaki na maji ya chumvichumvi. Siki ina kazi yake peke yake, nayo ni yale madoa meupe kama chokaa yanayoachwa na maji ya kisima. Sehemu moja ya siki kwa tatu za maji, pasha dakika tano, mwaga, suuza.

Sasa lipo tatizo ambalo vikaango vingi hutupwa kwa ajili yake bila kosa. Kikaango hakijachubuka, hakina ukoko, lakini mayai yanashika na wauzaji wanaambiwa walileta feki. Pitisha kidole kikiwa kikavu. Ukihisi kinanata, au ukiona rangi ya kahawia hasa pembeni panapoinuka na kuzunguka ribiti za mkono, huo ni utando wa mafuta. Mafuta yaliyopigwa na joto mara nyingi huungana na kuwa kama vanishi, na sabuni ya kawaida haiyafanyi kitu. Chapati ndizo zinazoleta sana hali hii: mafuta machache machache, moto mrefu, na kikaango kufutwa kwa karatasi badala ya kuoshwa. Mafuta ya kupuliza ya kopo ni mabaya zaidi, maana mengi yana lesithini, ambayo huungua na kugandamana haraka.

Jaribu kwa tone la maji. Kwenye nonstiki safi tone linaviringika kama juu ya jani la gimbi. Penye utando, linalala na kutandaa.

Kwa huo utando, chemsha soda kama ilivyoelezwa, mwaga, kisha tengeneza uji mzito: vijiko vikubwa vitatu vya soda kwa kijiko kimoja cha maji. Upake penye kahawia, acha nusu saa, sugua kwa kitambaa laini kilicholowa, kwa miduara na bila kukandamiza. Usisugue na soda kavu; chembe zake zikiwa hazijalowa hukwaruza. Kwenye ribiti tumia mswaki mkuukuu wa nywele laini. Suuza, kausha, rudia lile tone la maji. Vikaango vyeupe vya kauri vinatibiwa hivyo hivyo, ila vyenyewe huonyesha unjano mapema zaidi, jambo ambalo ni faida kwako.

Vya kusugulia: sponji upande laini, kitambaa, dodoki lililolowekwa likalainika. Upande wa kijani wa sponji haufai, una chembe ngumu za kukwangua hata kama unaonekana ni kitambaa. Kumbi la nazi lililozoea kazi ya majivu na mchanga limebeba mchanga ndani ya nyuzi zake. Majivu yenyewe yamesafisha masufuria ya watu miaka na miaka, lakini kwa nonstiki ni sawa na msasa. Nje ya kikaango, penye masizi, unaweza kuongeza nguvu kidogo kama ni alumini tupu. Penye rangi, tumia ule uji wa soda.

Ukimaliza ukaona mistari ya fedha iking'aa, hiyo ni alumini, mpako umekwisha hapo. Mikwaruzo miwili mitatu haikizuii kikaango kufanya kazi. Vipande vya PTFE vikimezwa kwa bahati mbaya hupita tumboni bila kuyeyuka. Lakini mpako ukianza kubanduka kwa magamba, kipumzishe; hakuna soda itakayourudisha.

La kuogopa zaidi ya vipande ni joto. PTFE huanza kuharibika karibu na nyuzi 260 za Selsiasi, na ikizidi 350 hutoa mvuke unaoweza kumpa mtu kifua na homa, na unaoua ndege wa kufugwa. Ukiwa na kasuku, mtoe jikoni. Kikaango kitupu juu ya gesi iliyofunguliwa yote au makaa mekundu hufika huko kwa dakika chache. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 230, kwa hiyo ukiuona moshi bado una nafasi ndogo ya kupunguza moto. Tia mafuta kikaango kikiwa bado baridi, ili moshi huo uwepo wa kukuonya.

Baada ya usafi wa soda, nonstiki huwa kavu mno na yai la kwanza linaweza kushika. Kausha vizuri, pasha dakika moja kwa moto mdogo, paka nusu kijiko cha chai cha mafuta kwa kitambaa, kisha yafute kwa kitambaa kingine kikavu mpaka usiyaone. Ukiyaacha yakionekana, umeanza utando mwingine.