Mbwa Akitoroka England: Wajibu wa Mwenye Mbwa Kisheria

Kwa anayefuga mbwa England, wajibu wa kisheria huanza kabla mbwa hajatoroka. Amri ya mwaka 1992 inataka mbwa aliye mahali pa umma avae mkanda wa shingoni wenye jina na anwani ya mwenyewe. Kibati chenye jina la mbwa na namba ya simu pekee hakitoshi, hata kama ana chipu, yaani kifaa kidogo chini ya ngozi chenye namba inayoandikwa kwenye rejista pamoja na jina na anwani ya mwenyewe. Chipu nayo ni ya lazima tangu Aprili 2016 kwa mbwa aliyefikisha wiki nane, na wengi wetu tunaoishi nyumba za kupanga hukwama hapo, kwa sababu tunahama huku rejista ikibaki na anwani ya zamani.

Mbwa akikosekana, usingoje arudi mwenyewe. Pigia simu halmashauri ya eneo lako mara moja, kwani tangu 2008 si kazi ya polisi tena kupokea mbwa wanaozurura, kisha waarifu wanaotunza rejista ya chipu ili aandikwe kuwa amepotea. Waulize majirani pia bila kuona haya: aliyemwokota hawezi kujimilikisha tu, bali sharti amrudishe kwako au amkabidhi ofisa wa halmashauri.

Chini ya sheria ya mazingira ya 1990, mbwa aliyekamatwa huwekwa siku saba, na muda huo ukipita bila wewe kumkomboa, halmashauri inaweza kumuuza, kumpa mtu mwingine au hata kumuua. Utalipa ada ya pauni 25 pamoja na gharama za kumtunza, ambazo huongezeka kila siku. Jambo lisilosemwa vya kutosha, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote, ni kwamba anwani yako ikiwa kwenye mkanda, ofisa analazimika kukupelekea ilani, na siku saba huhesabiwa tangu ulipopewa ilani hiyo.

Akidhuru, mambo hubadilika kabisa. Akiua kondoo, kwa kawaida utamlipa mfugaji fidia hata kama hukuzembea. Akimtia mtu hofu yenye sababu za msingi kwamba atajeruhiwa, hilo tayari ni kosa la jinai hata asipomng'ata, na akimjeruhi, kifungo kinaweza kufika miaka mitano.