Kutoka leja hadi kanzidata: kusanifu mfumo wa SACCOS hatua kwa hatua

Viongozi wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, wakikuita uwatengenezee mfumo wa kompyuta, mazungumzo huanza na vitufe: wanataka cha ripoti, cha mikopo, cha kutuma ujumbe kwa simu. Yaandike yote wanayosema. Kisha omba uonyeshwe kabati la mafaili, maana kazi yenyewe inaanzia humo.

Hatua ya 1: Soma karatasi zilizojazwa

Omba fomu ya kujiunga, kitabu cha mwanachama, leja, fomu ya mkopo, kitabu cha stakabadhi na mihtasari ya kamati ya mikopo. Usikubali fomu tupu. Fomu tupu inaonyesha alichokusudia aliyeichapa, lakini iliyojazwa inaonyesha yanayotokea. Tazama hasa maneno yaliyoandikwa pembeni kwa peni: "amelipa nusu", "mdhamini amehamishwa", "asubiri mshahara". Kila neno la pembeni ni jambo ambalo fomu haikulitengea nafasi, na mfumo wako usipolitengea, karani atarudi kwenye daftari wiki ya kwanza.

Wakikuruhusu, kaa na karani siku ya mishahara kuanzia asubuhi hadi wanafunga. Utajifunza mengi kuliko katika vikao vitatu.

Karatasi hizo zina taarifa za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Ukitoa nakala, ziba majina na namba za simu.

Hatua ya 2: Tafuta vitu, kisha uulize "mmoja kwa wangapi?"

Pigia mstari majina ya vitu katika karatasi zile: mwanachama, akaunti, mkopo, rejesho, mdhamini. Chora kila kimoja kama kisanduku, na mafungamano yao kama mistari. Baadaye kila kisanduku kitakuwa jedwali katika kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa ndani ya kompyuta. Njia hii ya kuchora ilitolewa na Peter Chen mwaka 1976, na kwa kazi kama hii sijaona iliyo rahisi zaidi kumweleza mweka hazina. Mwanachama mmoja ana akaunti ngapi? Mkopo mmoja una marejesho mangapi?

Mtego uko kwa mdhamini. Wengi huweka safu za "mdhamini wa kwanza" na "mdhamini wa pili" ndani ya jedwali la mikopo. Akija mkopaji mwenye wadhamini watatu, mfumo umekwama. Kumbuka pia kwamba mdhamini ni mwanachama yuleyule, aliyesimama upande wa pili. Mpe udhamini jedwali lake lenye namba ya mkopo, namba ya mwanachama, kiasi alichodhamini, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuachiliwa. Siku mwanachama anapotaka kuchukua akiba yake ajitoe, utajua papo hapo kama bado anamdhamini mtu.

Hatua ya 3: Usihifadhi salio

Ukifuata hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii.

Katika mfumo mmoja wa mwanzo nilioutengeneza, salio la akiba lilikuwa safu ndani ya jedwali la wanachama. Karani alikosea kuingiza shilingi 50,000, akasahihisha kwa kufuta na kuandika upya. Miezi kadhaa baadaye mwanachama akaja na kitabu chake. Kitabu kilisema hivi, kompyuta ikasema vile, na hakuna aliyeweza kueleza nani alibadilisha wala lini. Tulipekua stakabadhi siku mbili. Mwanachama alikuwa sahihi, na nilimwomba radhi, kwa sababu kosa lilikuwa la usanifu wangu.

Tangu hapo nahifadhi miamala peke yake: akaunti, tarehe ya tukio, tarehe ya kuingizwa, aina, kiasi, namba ya stakabadhi, aliyeingiza, aliyeidhinisha. Fedha ikiingia kiasi ni chanya, ikitoka ni hasi. Hakuna kufuta. Kosa hurekebishwa kwa muamala mwingine wa kulibatilisha, unaotaja namba ya ule wa kwanza. Wahasibu wanaijua desturi hii kitambo, ndiyo maana wataielewa haraka kuliko wanaprogramu. Salio linatafutwa kwa kujumlisha. Kwa akaunti namba 214, amri ya SQL, lugha ya kuuliza kanzidata, ni hii:

`select sum(kiasi) from miamala where akaunti = 214;`

Kwa chama cha watu 300 au hata 3,000, kompyuta ya kawaida haitalemewa.

Kiasi kiwekwe katika aina ya `numeric`, inayotunza desimali kama zilivyo, kamwe si `float`, inayozikadiria na ambayo hujumlisha 0.1 na 0.2 ikapata 0.30000000000000004. Namba ya simu iwe maandishi, la sivyo sifuri ya mbele itapotea. Namba ya kumbukumbu ya malipo ya simu isiruhusiwe kujirudia, ili ujumbe mmoja usiingizwe mara mbili.

Hatua ya 4: Kanuni za mkopo ziwe na tarakimu

"Riba ni asilimia 1 kwa mwezi" haitoshi. Chukua mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12. Riba ikipigwa kwenye mkopo wote kila mwezi, jumla yake ni 144,000. Ikipigwa kwenye deni lililobaki, na mkopaji akapunguza 100,000 kila mwezi, jumla ni 78,000. Chapa majedwali yote mawili, bodi ichague, isaini. Ndipo uandike programu.

Hatua ya 5: Gawa mamlaka

Anayeingiza muamala asiuidhinishe. Hata ofisi ikiwa na watu wawili, sharti hili lisilegezwe.

Hatua ya 6: Hamia polepole

Ingiza salio anzia la kila mwanachama kama muamala wa kwanza, na kwenye nafasi ya stakabadhi andika ukurasa wa leja ulikolitoa. Kisha endesha leja na mfumo sambamba kwa miezi mitatu, mkilinganisha jumla kila mwisho wa mwezi. Zikitofautiana hata kwa shilingi 100, tafuteni hadi mpate.

Mwezi wa tatu ukilingana, mhasibu afunge leja kwa sahihi na tarehe, irudi kabatini. Isichomwe: kurasa zake ndizo ushahidi wa kila salio anzia mliloingiza.